Zipu ya Mbele

"Kaka, samahani. Kwenye begi langu, zipu ya mbele, mna faili la plastiki. Nipitishie hapo dirishani."

Kijana aliyeniambia hivyo alikuwa amesimama chini ya dirisha langu, jua la saa nne likimpiga usoni, na nyuma yake askari ameshika kitambulisho chake. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya basi, kitambulisho changu kimesharudi mfukoni. Begi lake jeusi lilikuwa miguuni pangu, pale alipoliacha alipoambiwa ashuke.

Nikanyoosha mkono. Ukafika kwenye zipu, ukasita.

Haukusita sana. Sekunde mbili, pengine tatu. Lakini dirisha lilikuwa wazi na yeye alikuwa akinitazama. Aliuona mkono wangu ukining'inia juu ya begi lake kana kwamba ndani mna nyoka. Hakusema kitu. Aliteremsha macho tu, akangoja nimalize kuogopa.

Hii ni wiki ya saba sasa. Bado nauona mkono ule.

## Aliyeshushwa

Nilikuwa natoka Lamu, Maulidi yamekwisha. Boti hadi Mokowe, na pale basi la Mombasa. Anayeijua barabara ile hana haja ya kuelezwa vizuizi vyake. Tangu mauaji ya Mpeketoni, Juni 2014, abiria wa Lamu wamejifunza kushika kitambulisho mkononi kabla basi halijasimama, kama watoto wanaojipanga kabla mwalimu hajaingia darasani.

Safari hii hatukushushwa sote. Askari alipanda peke yake. Alikuwa kijana, sauti ya chini, na alisalimia. Nalisisitiza hilo kwa sababu ni kweli: alisalimia, hakumtukana mtu, wala hakumgusa mtu. Akaanza viti vya mbele akija nyuma, anapokea kitambulisho, anatazama, anarudisha. Changu alikitupia jicho tu. Cha jirani yangu akakigeuza. Akakigeuza tena. Akakitia kwenye mfuko wa shati.

"Wewe, shuka."

Katika basi zima walishuka watatu. Jirani yangu, mama mmoja aliyevaa nikabu, na mzee mwenye ndevu za hina. Askari hakuwa na orodha mkononi. Hakuuliza nani katoka wapi wala nani anakwenda wapi. Ukiwaona watu wale watatu wamesimama pamoja kivulini mwa basi, unajua papo hapo kilichowakusanya, na hakuna aliyehitaji kukitamka.

Tukangoja. Basi likawa kimya, kisha minong'ono ikaanza. Mtu nyuma yangu akauliza, "Hilo begi hapo ni la nani?"

Nikajibu, "La huyo aliyeshushwa."

Ndivyo nilivyomwita. Tulikuwa tumezungumza tangu Mokowe. Nilijua katoka Kizingitini, babake ni mvuvi, na yeye anakwenda Mombasa kuanza kozi ya ubaharia. Njugu zake nilikuwa nimezila; maganda yalikuwa bado mkononi mwangu. Na dakika tano za kusimama karibu na askari zilitosha kumfuta yote hayo, akabaki kuwa huyo aliyeshushwa, mwenye begi ambalo watu walianza kulisogezea miguu mbali.

## Ndani ya faili

Alirudi baada ya kama nusu saa, akaketi, akalirudisha faili mahali pake. Nikamwambia pole.

"Si kitu, kaka. Leo wamekuwa wazuri."

Sikuwa na haki ya kuuliza, lakini niliuliza, naye akanionyesha. Nakala ya kitambulisho cha baba. Nakala ya cha mama. Cheti chake cha kuzaliwa. Cheti cha kidato cha nne. Barua ya chifu yenye muhuri wa wino wa zambarau uliopenya hadi upande wa pili wa karatasi. Na chini kabisa, kadi ya kliniki ya utotoni, kingo zimeliwa, imegandishwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Niliona mstari wa kalamu unaopanda: kilo tatu na kitu, kilo tano, kilo saba.

Kijana wa miaka 22 anasafiri na uzito wake wa utotoni.

"Hii wamewahi kukuuliza?"

"Bado. Lakini siku watakayoiuliza, nitakuwa nayo."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayekueleza kwa nini hubeba mwavuli. Akaendelea, "Nyumbani mimi ni Mbajuni. Nikishavuka Mokowe, inategemea askari ameamua mimi ni nani."

Wabajuni ni Waswahili wa visiwa na mwambao unaopanda hadi Kismayu. Mpaka ulichorwa katikati ya jamaa. Vita vya shifta vya miaka ya 1960 vikawang'oa katika vijiji vyao vya bara ya Lamu, na wengi hawakurudi tena. Watu wa kisiwa cha Pate wana mashairi ya zamani kuliko jina lenyewe la Kenya. Na mtoto wao hubeba faili ili athibitishe kwamba ni wa hapa.

Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kwamba ule msasa wa ziada, wa watu wa kaskazini kukalishwa mbele ya kamati kabla ya kupewa vitambulisho, umekwisha. Nilifurahi sana siku ile, na nafurahi hadi leo. Lakini kijana wa Kizingitini hakuwa akiomba kitambulisho. Anacho. Alikuwa akiulizwa kama kitambulisho alichonacho kinafanana na uso alionao, na swali hilo halina afisi ya kulifuta.

## Likoni, 1997

Kinachonisumbua ni kwamba nilikuwa na sababu zote za kuyajua haya.

Mimi ni Mdigo wa Likoni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi kilipovamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Siku zilizofuata vibanda vya watu wa bara vilichomwa, na majirani zetu wengi wakakimbilia kanisa Katoliki na magodoro vichwani. Haya yote yamekwisha kuandikwa, na tume ya Jaji Akiwumi ilikaa kuyasikiliza. Siyarudii.

Nitasimulia la nyumbani kwetu tu. Msako ulipoanza, vijana wa Kidigo walitafutwa kwa kuwa ni vijana na ni Wadigo. Mjomba wangu alikuwa seremala. Alikuwa na miaka 26, na kosa lake lilikuwa hayo mawili: umri na kabila. Akawa halali nyumbani. Usiku alikwenda kwenye minazi na mkeka wake, alfajiri anarudi kunywa chai amesimama, sikio liko barabarani. Siku moja alichelewa kuimaliza chai yake. Wakamkuta.

Alirudi siku ya tatu. Sijui walimfanya nini, kwa kuwa hakusema, na kwetu mtu mzima akinyamaza hachokonolewi. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile hadi anakufa hakutoka mlangoni bila kitambulisho, hata kwenda msikitini, hatua mia moja kutoka nyumbani. Mama alimshonea mfuko wa ndani kwenye kila kanzu. Tulipomvua nguo siku ya kumuosha, kitambulisho kilikuwamo.

Nimelelewa katika nyumba hiyo. Nimeuona mfuko huo ukishonwa. Na bado, miaka 28 baadaye, askari mmoja mpole alinionyesha kwa kidole ni nani wa kuogopwa, nami nikaogopa.

Sikumbuki nikiamua.

Hapo ndipo nilipokwama wiki hizi zote. Siku zote nimedhani ubaguzi wa polisi ni jambo kati ya askari na yule anayesimamishwa, sisi wengine tukiwa mashahidi. Kumbe askari anapomshusha mtu mmoja, anawafundisha hamsini waliobaki ndani. Somo linaingia hata kwa aliyekwisha kuumizwa nalo.

## Kengele ya mbuzi

Wakenya bado tunakiita kitambulisho kipande, na jina hilo lina wenyewe. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita vya kwanza vya dunia, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 abebe karatasi yenye alama za vidole vyake na majina ya waajiri wake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na Wakikuyu wakakiita mbugi, kengele ya mbuzi. Aprili 1954, kwenye Operesheni Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau, Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Nairobi walikusanywa kwa maelfu na kupitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Gunia likitikisa kichwa, umekwenda.

Halafu tukapata uhuru, na mkono ukabadilika. Mwaka 1989 ilikuwa zamu ya Wakenya wenye asili ya Kisomali kukaguliwa na kupewa kadi ya waridi, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Aprili 2014, kwenye msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, maelfu walitolewa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, na kurundikwa katika uwanja wa Kasarani. Mamlaka inayosimamia polisi, IPOA, ilitoa ripoti mwaka huohuo: watu walizuiliwa kupita saa 24 za kikatiba, vituo vilifurika, na wakazi walilalamika kudaiwa hongo. Wenye maduka Eastleigh walikuwa na neno lao chungu la siku hizo. Walisema polisi wanawaona kama mashine ya ATM.

Garissa na Wajir mtu akisafiri kuja Nairobi husema anakwenda Kenya. Wageni huchekea wakisikia. Mimi sijawahi kuiona sehemu ya kuchekesha.

## Kaka yangu askari

Ningeweza kuishia hapo na kumlaani askari wa basi. Nilijaribu. Lakini nina ndugu, mtoto wa mama mdogo, tuliyelala kitanda kimoja utotoni, ambaye ni askari polisi kwa mwaka wa kumi na nne. Amefanya kazi upande wa Garissa na amefanya kazi upande wa Lamu. Nilimpigia simu, nikamsimulia yote isipokuwa habari ya mkono wangu.

Alisikiliza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, unaijua sauti ya bomu la barabarani?"

Sikuijua.

Akaniambia habari ya gari lililokuwa mbele ya lao. Walikuwa watano ndani, na mmoja wao alikuwa amemwazima chaja ya simu asubuhi ile. "Ile chaja hadi leo ninayo," akasema. Halafu akakaa kimya muda mrefu, nami nikangoja.

"Sasa mimi ninapanda basi. Watu hamsini. Nina dakika kumi. Niangalie nini?"

Nikamuuliza yeye huangalia nini.

"Siangalii kabila. Wallahi siangalii. Naangalia wasiwasi."

Nikamuuliza: mtu aliyeshushwa mara hamsini, mara ya hamsini na moja ukimwendea, hatakuwa na wasiwasi? Na mimi ambaye sijawahi kushushwa, hata kama begi langu lina mzigo mbaya, si nitakutazama usoni na kutabasamu?

Akanyamaza tena. "Atakuwa nao," akasema. "Lakini mimi nitajuaje wasiwasi wake ni wa nini?"

Sikuwa na jibu, na sina. Sitaki kujifanya kwamba swali lake ni jepesi. Kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, walikufa watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, walikufa 148, wengi wao wanafunzi. Mtu anayesema tusiwakague watu barabarani hajawahi kuwa na mtoto katika chuo kile.

Lakini nikamkumbusha mengine, naye anayajua kuliko mimi. Mshambulizi mmoja wa Garissa alikuwa mwanasheria aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi. Elgiva Bwire, aliyekiri mahakamani mwaka 2011 kuhusika na mashambulizi ya guruneti Nairobi, alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya aliyezaliwa katika nyumba ya Kikristo. Hoteli ya Dusit, Nairobi, Januari 2019, mmoja wa wauaji alikuwa mtoto wa mwanajeshi wetu wenyewe. Hao wawili wa mwisho, kwa sura na majina yao, wangepita kwenye basi letu. Wangekaa ndani pamoja nami, wakimtazama kijana wa Kizingitini akipigwa jua.

"Ni kweli," kaka akasema. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba kuliko yote: "Nikimwachia mmoja akaenda akalipua, nitaulizwa jina langu na namba yangu. Nikiwashusha hamsini bure, hakuna atakayeniuliza kitu."

## "Ni dhana tu"

Msemaji wa serikali akisema wananchi wana dhana kwamba polisi hubagua, neno dhana huwa limebeba kazi nzito. Linamaanisha: mnahisi hivyo, lakini haiko hivyo.

Nimeliwaza neno hilo sana. Kama mtu angekuja kunihoji pale kituo cha mabasi Mombasa na kuniuliza, je, ulitendewa haki njiani, ningejibu ndiyo, na ningekuwa nasema kweli. Kijana angejibu vingine, naye pia ni kweli. Mhoji angejumlisha na kugawanya, akaandika kwamba maoni yamegawanyika. Lakini sisi wawili hatukuwa na maoni tofauti juu ya safari moja. Tulisafiri safari mbili katika kiti kimoja.

Na hakuna kilichoandikwa. Hilo ndilo lililonishtua baadaye. Askari hakuandika jina la aliyemshusha, wala sababu, wala saa. Mzee wa ndevu za hina akitaka kulalamika leo, ataanzia wapi? Watatu walioshushwa wamebaki kwenye kumbukumbu yangu tu, na kumbukumbu ya mtu mmoja ni dhana.

Uingereza kuna sheria ya mwaka 1984 inayomtaka askari anayempekua mtu njiani aseme jina lake na kituo chake, aeleze sababu, na aandike. Kwa kuwa wanaandika, serikali yao yenyewe huchapisha hesabu kila mwaka, na kila mwaka hesabu huonyesha kwamba weusi hupekuliwa mara kadhaa zaidi ya weupe. Kuandika hakujaondoa ubaguzi wao, na ndugu zetu walioko London watakwambia hivyo. Lakini mtu mweusi wa London akisema anaonewa, hakuna anayemjibu kwamba anawaza tu. Hesabu ipo mezani.

Sisi tuna katiba ya mwaka 2010 tunayojivunia, kwa haki kabisa. Ibara ya 27 inakataza dola kumbagua mtu, na orodha yake ni ndefu: kabila, dini, rangi, hadi mavazi, lugha na kuzaliwa. Mavazi! Walioandika walimfikiria mama wa nikabu aliyekuwa kwenye basi letu miaka kumi na mitano kabla hajapanda. Kilichokosekana ni karatasi na kalamu mkononi mwa askari, na mkubwa wake kuuliza jioni: leo umewashusha wangapi, kwa nini hao, na umepata nini?

Kaka anasema hawakufundishwa kueleza. Walifundishwa kuamrisha. Na kwenye gari lao, mlangoni, imeandikwa Utumishi kwa Wote.

Kuna jambo jingine ambalo hupita bila kutajwa. Yule mwanasheria wa Garissa, babake alikuwa chifu kule Mandera, na kabla ya shambulio alikwisha kuwaarifu wakubwa kwamba mwanawe ametoweka na anahofia amevuka mpaka. Baba Msomali, mwenye kovu lote la historia ile, alikwenda kwa serikali kumsemea mwanawe mwenyewe. Nawaza ni baba wangapi wana hofu hiyohiyo leo na hawaendi, kwa kuwa wanajua wakiingia kituoni hawatapokewa kama wazazi. Kila mtu anayeshushwa bure barabarani ni mlango mmoja unaofungwa. Na bomu la barabarani, lile la kaka yangu, hutegwa mahali ambapo kuna mtu aliyeona akanyamaza.

## Waliochelewa kujua

Juni 2024 vijana wa Nairobi walipopigwa risasi wakiandamana mitaani, na miezi iliyofuata wengine wakachukuliwa na magari yasiyo na namba, rafiki zangu wengi wa mitaa mizuri walishtuka. Hawa ndio polisi wetu? Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu, akafia mikononi mwa polisi, na tukaambiwa kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Daktari wa maiti akasema sivyo. Mshtuko ukawa mkubwa zaidi.

Sikuwacheka, na siwacheki. Lakini Mathare hawakushtuka. Kiamaiko, ambako Yassin Moyo wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Machi 2020, hawakushtuka. Kwetu Likoni hatukushtuka. Siku ya kwanza ya kafyu ya korona mwaka huohuo, watu waliokuwa wakingoja feri kwa miguu, wakitoka kazini, walirushiwa gesi na kupigwa virungu, na saa za kafyu hazijafika.

Nilijiuliza kwa nini habari hizi hazikuwafikia wenzetu miaka yote hiyo. Ziliwafikia. Zilifika kama nilivyoliona begi jeusi: habari za hao walioshushwa.

## Mama

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona mama Likoni. Nilimsimulia, na kwake sikuuficha mkono. Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho hadi nilipomaliza.

"Mjomba wako," akasema, "wajua alitokaje siku ile?"

Nilidhani walimwachia tu. Siku zote nilidhani hivyo.

"Alitolewa na yule mama wa Kikamba aliyekuwa akiuza sukuma pale kwenye mwembe. Kibanda chake kilikuwa kimechomwa. Alikuwa analala kanisani na watoto. Nilimwendea, nikamwambia wamemchukua. Akaniuliza wapi. Akajifunga leso, akaenda."

"Akasema nini?"

"Alimwambia mkubwa wao: huyu namjua, kanitengenezea kitanda, usiku ule alikuwa akinisaidia kubeba watoto. Wakamwambia, mama, hao ndio waliokuchomea. Akasema, hao sijui, huyu namjua. Akakaa pale chini hadi wakamtoa."

Mama akarudia kuchambua mchele. Kokoto moja, akaitupa. Nyingine, akaitupa.

Kisha akaniuliza, "Na wewe ulishuka ukamsemea, huyo kijana?"

Nikamwambia nilimpitishia faili.